Peninah na Ngozi za Ufuoni West Bay

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Peninah Kwamboka anaburuta kitanda cha ishirini na tatu juu ya mchanga. Nyuma yake maghorofa ya vioo ya West Bay, Doha, yameanza kung'aa. Mbele yake kuna ufuo mdogo wa hoteli, maji yaliyotulia, na vitanda vingine arobaini vinavyosubiri taulo.

Anatandika taulo, ananyoosha kona, anahamia kitanda kingine. Ikifika saa tatu wageni watakuwa wameshuka kuota jua, na hapo itaanza kazi yake ya pili, ile isiyoandikwa kwenye mkataba. Kazi hiyo ni kuangalia ngozi zao.

“Nyumbani tulikuwa tukisema mzungu ni mzungu,” anasema Peninah, mwenye umri wa miaka 36, mzaliwa wa Keroka nchini Kenya. “Hapa nimejua wanatofautiana sana. Mgiriki akilala siku mbili anakuwa rangi ya chai. Mtu wa Ireland akilala nusu saa anakuwa nyanya. Na wote wamenunua losheni ileile.”

Huu ni mwaka wake wa sita ufuoni. Hakuna aliyemfundisha. Anasema Waswidi walimshangaza, maana wengine wana nywele nyeupe kabisa, lakini wakilizoea jua polepole, baada ya wiki wanapata rangi. Waitaliano nao hawafanani, wa kusini na wa kaskazini. Kwa hiyo aliacha kuuliza mtu ametoka wapi.

“Naangalia kope. Zikiwa nyekundu, na mabega yana madoadoa, huyo namfuatilia.”

Melissa Kawira, muuguzi Mkenya anayefanya kazi katika kliniki moja huko Lusail, kaskazini mwa Doha, hashangazwi na macho ya Peninah. Anaeleza kwamba ngozi ina rangi za asili za aina mbili. Moja ni nyeusi, huongezeka mtu akikaa juani na humkinga kidogo. Nyingine ni ya wekundu na kinga yake ni hafifu. Watu wengi wenye nywele nyekundu, ambao ni wengi zaidi Ireland na Scotland kuliko kwingine, wana hiyo ya pili.

“Ngozi ya namna hiyo huwezi kuizoesha jua,” anasema Kawira. “Na hata yule anayebadilika rangi vizuri, jua linamdhuru. Yeye anachelewa tu kujua.”

Macho hayo ndiyo yaliyomponza Peninah. Machi mwaka jana, Mskoti mmoja wa makamo alipitiwa na usingizi kitandani saa tano mchana. Peninah aliona mgongo umeanza kuiva. Akavuta mwavuli, akaufungua juu yake, akaenda zake.

Mgeni huyo alipoamka alijikuta kivulini. Alikuwa na harusi ya binti yake wiki ile na alitaka kurudi kwao akiwa na rangi. Hakufoka. Alipanda mapokezi akaandika malalamiko kwamba mfanyakazi ameingilia mapumziko yake bila kuitwa.

Siku mbili baadaye msimamizi wake, Mganda aitwaye Arnold Ssebunya, alimpa barua ya onyo. Arnold anasema hakuipenda barua ile, ila ilitoka juu. Ilimtaka Peninah asimkaribie mgeni yeyote asiyemwita, na kueleza kwamba akirudia, mkataba utavunjwa.

Peninah akatii. Wiki tatu zilizofuata alikunja taulo na kunyamaza.

Ndipo wakaja wanafunzi wawili wa chuo, Orla wa Ireland na rafiki yake Ilaria wa Italia. Walilala vitanda vya kupakana tangu saa nne. Ilaria alimwambia mwenzake kwamba wakigeuka pamoja watatoka rangi moja. Orla alikuwa na kope nyekundu.

Peninah alipita hapo mara nne. Mara ya nne alisimama, mkono umeshika mlingoti wa mwavuli. Akakumbuka barua. Akauachia, akaendelea na safari yake ya kukusanya bilauri.

Jioni Orla alikuwa akitetemeka, mgongo umejaa malengelenge. Alilazwa hospitali siku mbili.

Asubuhi iliyofuata Ilaria alishuka peke yake kuchukua kitabu walichokisahau. Mabega yake yalikuwa yamepata rangi nzuri ya kahawia, na alikuwa akilia. Alimuuliza Peninah, “Wewe uko hapa kila siku. Hukuona?”

“Nikamwambia niliona,” Peninah anasimulia, akitazama mikono yake. “Sikuongeza kitu. Ningesema nini? Kwamba nina barua?”

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Arnold. Alimwambia hawezi tena kufanya kazi ufuoni akiwa amefunga mdomo, kwa hiyo ampeleke kufua mashuka au wamruhusu kusema. Arnold anakiri kwamba aliogopa kwa niaba yake, maana kuna watu waliorudishwa makwao kwa maneno machache kuliko hayo. Hata hivyo alilipeleka suala hilo kwa mudir, yaani meneja.

Jibu lilichukua wiki nzima. Wahudumu wa ufuo wakaruhusiwa kumtahadharisha mgeni kwa mdomo, anapochukua taulo, mara moja tu. Barua ya onyo haikuondolewa kwenye faili.

“Walisema niseme mara moja,” anasema Peninah, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. “Basi nasema mara moja, lakini polepole.”

Orla alipona. Kabla ya kuondoka Doha alishuka ufuoni akiwa na shati la mikono mirefu, akaomba taulo, akaketi kivulini nusu saa. Peninah hajui kama Ilaria alimwambia kwamba mhudumu aliona akapita.

Leo, saa tatu na dakika kumi, mwanamume mwenye madoadoa hadi kwenye vidole vya miguu anafika kwenye meza ya taulo. Peninah anampa taulo na kumweleza kwamba jua la hapa litamchoma kabla hajalisikia. Mgeni anacheka, anasema amelifuata jua hilohilo, anaenda kulala. Peninah anamtazama kidogo, kisha anageukia rundo la taulo chafu.

Joto limefika nyuzi 38. Miguu yake imevimba, na kichwa humuuma karibu kila siku kuanzia saa sita. Wageni humuuliza kama mtu mweusi husikia jua.

“Nasikia,” anasema. “Nimechoka nalo.”

Mkataba wake unaisha Novemba na ameshamwambia Arnold kwamba hatausaini tena. Dada yake ana chumba cha ushonaji karibu na soko la Keroka, na wameshakubaliana watashona sare za shule pamoja. Cherehani ya pili imeshawekwa dirishani.

“Kwetu alasiri nyingi mvua hunyesha,” anasema Peninah. “Nitakaa ndani nishone, niisikilize ikipiga mabati. Mtu akipita nje, nitainua kichwa nimsalimie, basi.”