Nilichonga Sura ya Chairman kwa Ukuta wa Library, Muthetheni

Hamjambo wakuu wa jukwaa hili. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya kama mtu aliyeingia harusi bila kadi. Leo wacha nitoe yangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilikosea nitasema nilikosea.

Ni miaka ile ya mwanzo ya 2000. Nilikuwa na workshop ya useremala Machakos town, vitanda na milango. Lakini nimetoka kwa familia ya wachongaji. Nimechonga twiga wa watalii miaka sita. Twiga aliye hai nilimwona mara ya kwanza nikiwa na watoto wawili tayari, na nikagundua shingo nilikuwa nakosea miaka hiyo yote. Hakuna mtalii aliwahi kulalamika.

Sasa kulikuwa na shule ya wasichana upande wa Muthetheni ikijengewa library na wafadhili wa Australia, na kazi ya mbao nilipewa mimi. Wakatuma architect, mama mtulivu anaitwa Judith. Akaja na album ya picha za kazi yake.

Kwao kuna wenyeji wa kwanza wa ile nchi, Aboriginal. Wanachora ardhi yao kwa nukta na mistari: mto, njia, mahali pa maji. Judith huketi na wao, na wakikubali, ile michoro inageuzwa kuwa mbao. Ukuta wa darasa, dari, mlango. Mtoto anasoma akiwa amezungukwa na habari za kwao.

Wakuu, nilitazama hizo picha mpaka chai yangu ikapoa. Miaka yote hiyo mbao kwangu ilikuwa kitanda ama twiga.

Principal akasema, "Ni nzuri sana. Fundi atacopy."

Judith akakataa. "Hizo ziko na wenyewe. Tafuteni zenu, na mwenye mchoro akubali kwanza."

Hapo ndipo kamati ilizaliwa. Watu tisa, na hakuna aliyekuwa amewahi kuchora hata kuku. Chairman alikuwa mstaafu wa ofisi fulani, suti ya kahawia, mtu wa kusema "as per" kabla ya kuomba sukari. Walikaa vikao vitatu kuamua asili yetu ni nini. Mmoja alitaka twiga. Mwingine alitaka Mmaasai na mkuki kwa sababu wageni humpenda. Nikauliza kama Mmaasai amekuwa Mkamba. Nikaambiwa fundi angoje aulizwe.

Jibu lilitoka kwa mpishi wa shule, aliyekuwa ameleta mandazi. "Si muende kwa Susu Syombua? Yeye huchora vibuyu."

Susu ndio nyanya kwa Kikamba. Nilitumwa mimi.

Nilimpata akichambua pojo nje ya nyumba yake. Vibuyu alikuwa navyo vingi, amevichora kwa kisu kilichopashwa moto. Akanitolea kimoja cha zamani, kimekuwa chekundu kwa kushikwa. Kilikuwa na wanawake wamejipanga mstari mrefu kuzunguka kibuyu chote, kila mmoja na jembe ama karai la udongo. Kando, mwanaume mmoja amekaa kwa kiti.

"Hii ni mwethya yetu," akasema. Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana kazi. "Tulichimba matuta ya kilima kile chote. Tulikuwa ishirini na mbili."

"Na huyu mzee?"

"Huyo aliwekwa kutusimamia. Alikaa mpaka tukamaliza. Wakubwa walipokuja kuona matuta, yeye ndiye alipigwa picha."

Nikamwomba ruhusa ya kuweka mchoro kwa ukuta. Akafikiria. "Chukua. Lakini usipunguze watu. Ukipunguza, ni uongo."

Nikakubali. Nikamwambia kabisa, "Sitapunguza, Susu."

Kamati ilipenda kibuyu kuliko nilivyotarajia. Chairman alivaa miwani, akakizungusha, akatangaza, "Huyu aliyekaa ni mfalme wa Akamba, anaongoza watu wake kwa hekima."

Wakamba hatukuwahi kuwa na mfalme. Watu wanane walitikisa kichwa kukubali.

Halafu wakaanza kurekebisha. Mfalme awe mkubwa, aonekane kutoka kwa gate. Wanawake wapunguzwe wabaki watano, kwa sababu wengi hivyo wanafanana na matanga. Na mfalme awe na sura ya mtu anayejulikana, ili wasichana wapate role model. Chairman akaingiza mkono kwa koti, akatoa passport photo.

Sasa hapa ndipo nawaambia kosa langu. Nilijua yule mtu wa kwenye kibuyu ni nani. Ningesema maneno mawili tu. Lakini nilitaka kazi, na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kucheka. Nikachukua ile photo nikaenda.

Nilichonga kwa mbao ya mukau, panel sita ndefu kama milango. Kazi ilitoka safi. Ile sura ilikuwa Chairman mpaka mkunjo wa shingo.

Kabla ya kuziweka ukutani, Judith akasema mwenye mchoro lazima azione. Kamati ikaona ni kupoteza wakati, lakini Susu aliletwa, amefunga kitambaa cha kanisani.

Akatembea polepole mbele ya zile panel. Akarudi. Akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Wayua yuko wapi?" akaniuliza. "Nduku je? Nduku alichimba akiwa na mimba ya miezi minane. Umemweka wapi?"

Nikajifanya napangusa vumbi kwa panel.

Chairman akaingilia, akimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, hii ni design. Tumefupisha."

Susu akamtazama, akatazama mbao. "Huyu ni wewe?"

"Ndio, Mwaitu. Kamati iliona inafaa."

"Hata mimi naona inafaa," Susu akasema. "Yule naye alikaa tu hivyo."

Akaeleza yote, kwa Kikamba, bila kupandisha sauti. Mpishi alikuwa dirishani na hakuficha kicheko. Judith akauliza amesema nini. Deputy principal akatafsiri, "She is happy with the chair."

Chairman akanigeukia. "Fundi, ulijua?"

"Nilijua."

Nikadhani Susu atanitetea. Akasema, "Hawa hawakujua. Wewe nilikueleza kwa mdomo wangu."

Nimetukanwa na wateja wengi, lakini hayo maneno ndiyo yalinikaa.

Nikamweleza Judith mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha misumari. Akafunga daftari lake, akasema bila ruhusa ya huyu mama hakuna kitu kinapanda ukutani. Susu akatoa ruhusa kwa sharti moja: wote warudi, na mwanaume arudi kwa saizi yake. Nilianza upya. Mara hii nilienda kwake kila wiki, ananitajia jina, aliyefuata nani, nani alikuwa mrefu, nani alishika jembe kwa mkono wa kushoto. Chairman aliacha kamati, as per sababu za kiafya.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na hema, viti vya plastiki na mgeni wa heshima. Susu hakuwekewa kiti. Mpishi akamshika mkono, akampitisha mlango wa nyuma.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mgeni akasifu ukuta ambao hajauona, akasema unaonyesha akina mama wakikaribisha viongozi. Ribbon ikakatwa, mlango ukafunguliwa, tukaingia nyuma yake.

Ndani kulikuwa na wasichana kama thelathini wamekaa sakafuni. Susu alikuwa mbele ya ukuta, mkono juu ya mbao, akiwatajia majina mmoja mmoja, amefika mwanamke wa kumi na nne.

Akageuka, akaona suti zote hizo.

"Karibuni," akasema. "Kaeni hapo chini kwanza. Sijamaliza."

Na mgeni wa heshima akakaa.

Wakuu, mimi nilichojifunza ni hiki: mtu asiyejua akiharibu, bado anaweza kufundishwa. Anayejua akinyamaza ndiye fundi wa uongo, hata kama mkono wake ni mzuri. Sasa nyinyi mliosoma shule ziko na michoro ukutani, mliwahi kuambiwa ni nani alichora, na wale watu ni akina nani? Andikeni hapa chini. Na kama uko na shangazi alichimba matuta, weka jina lake.