Cheti cha Mbwa Chenye Jina Langu

Kwenye kile cheti, mwenye mbwa nilikuwa mimi. Na wacha niseme mapema: sikuiba mbwa wala sikudanganya karani.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikipika na kufua kwa muuguzi mmoja Mmarekani, kwenye kituo cha afya cha misheni upande wa Konoin, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mogogosiek. Watu wote walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa na mbwa wa rangi ya mabua makavu, sikio moja limesimama na lingine limelala, ambaye alimwokota akiwa mdogo kwenye mtaro karibu na banda la kupimia majani chai. Alimpa jina la kwao ambalo ulimi wangu ulilikataa kabisa. Mimi nilimwita "wewe", naye alikuja mbio.

Sasa, kwetu mbwa ni mbwa. Analala nje, anakula makombo ya ugali, anabwekea wezi, basi. Mtu mzima hambembelezi mbwa, na mimi sikumbembeleza, angalau mbele ya watu. Lakini jioni nikitoka kazini nilikuwa napita katikati ya mashamba ya chai ya kampuni, ukungu umeshuka, huoni mbele, na mimi ni mwoga, sifichi. Bila kutumwa na mtu, mbwa alianza kunisindikiza. Akifika kwenye lango letu hakuingia. Alingoja nifunge, kisha akarudi kwa Sista peke yake. Miaka minne alifanya hivyo. Mume wangu mwenyewe, aliyekuwa akifanya shifti kiwandani, hakunisindikiza hata siku nne.

Njiani nilimweleza mambo yangu yote, kwa Kipsigis, maana Kiingereza alikuwa amekisikia mchana kutwa. Mama mkwe amesema hivi, yule ng'ombe mweusi amekataa tena kushika mimba, kifungua mimba wangu amepigwa shuleni bure. Harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani ilikuwa inatufikia mpaka kwenye kile kijia. Nikiinusa hadi leo, naanza kuongea peke yangu.

Mwaka mmoja ilitangazwa kanisani kwamba mbwa wote wapelekwe kwenye dipu, lile josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, wakachanjwe dhidi ya kichaa. Sista alikuwa na zamu kwenye wodi ya akina mama, kwa hiyo nilimfunga mbwa kamba nikampeleka mimi. Kwenye dipu mambo yalikuwa yale yale ya siku zote: aliyeshika kamba ndiye anayeandikwa. Hata ukipeleka ng'ombe wa jirani, wanaandikwa kwa jina lako, na hakuna anayegombana, kwa sababu kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani. Karani hakuinua hata macho. "Jina la mwenye mbwa?" Nikataja langu. Akagonga muhuri, akanipa karatasi, nikaiweka nyumbani ndani ya Biblia pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Sikuifikiria tena.

Miezi mitatu baadaye Sista akaniambia mkataba wake umeisha, anarudi kwao, na mbwa anaenda naye.

Ati nini? Mbwa kwenye ndege? Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi wa kuni.

Basi yakaanza makaratasi. Kibali kilitoka Nairobi. Fundi alitengeneza sanduku la kusafiria, akasahau matundu ya hewa, akarudishiwa. Daktari wa mifugo wa wilaya alikubali kumpima mbwa na kuandika barua ya kuthibitisha kwamba hana ugonjwa. Kilichobaki ni cheti cha chanjo tu. Kule Amerika walitaka chanjo iwe imepita siku thelathini, na zilikuwa zimebaki siku saba asafiri, kwa hiyo kumdunga upya kusingesaidia chochote. Sista alijua mbwa alichanjwa. Karatasi ndiyo hakuiona. Alipindua nyumba nzima, kabati kwa kabati.

"Mama, hujaona?" akaniuliza.

"Labda panya," nikasema.

Ndiyo, hapo nilidanganya. Nilikuwa nimekasirika. Miaka yote hiyo anaona mbwa anatoka na nani jioni, halafu hata mara moja hakuniuliza kama angeweza kubaki kwangu. Na mimi nimwombe? Aka! Siombi mtu mbwa. Aniulize yeye. Nikangoja Jumatatu, nikangoja Jumanne. Jumatano, nikipanga vyombo, nikamsikia akimwambia daktari wa kituo kwamba cheti kisipopatikana, atamwomba yule wa mifugo amdunge mbwa sindano alale asiamke tena. Sauti yake ilikuwa inakatika. Alisema hawezi kumwacha mahali ambapo atateseka.

Ateseke! Kwa nani? Kwangu? Sahani ilinitoka mkononi ikapasuka, na sikuomba msamaha. Jioni ile nilifungua lango letu wazi kabisa nikamwambia, "Ingia basi." Mbwa akasimama pale pale nje, mkia unacheza, akaningoja nifunge. Nikaingia ndani nikatoa karatasi kwenye Biblia. Nisingeweza kulala na sindano ile kichwani.

Asubuhi nikampa Sista. "Ilikuwa kwangu," nikasema. Aliisoma polepole, akafika kwenye jina langu, akaniangalia. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Daktari wa mifugo naye aliliona jina mara moja. Alimaliza kumpima mbwa, mimi ndiye niliyemshika kichwa, kisha akasema cheti ni cha mtu mwingine, hawezi kutia sahihi. Ilitakiwa barua ya chifu, na mimi niliyeandikwa niseme mbele ya chifu kwamba mbwa si wangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na kwa chifu benchi lilikuwa limejaa. Vijana wa vitambulisho, ndugu wawili wa kesi ya mpaka, na mama mmoja mzee, rafiki wa mama mkwe wangu, ambaye habari zake hufika nyumbani kabla yako.

"Barua ya nini?" chifu akauliza. "Ya mbwa?"

Benchi zima likaangua kicheko. "Mbwa anaenda Amerika," yule mama mzee akasema akipiga makofi, "na mimi hata Nakuru sijafika!"

Chifu alipanguza macho, akachukua kalamu. "Haya, mama. Sema watu wasikie. Huyu mbwa ni wako?"

"Ngoja, Chifu," Sista akasema. Alikuwa ameshika cheti kwa mikono miwili. Akanigeukia, akatumia Kiswahili chake kile cha kuokoteza. "Jina hapa ni yako. Mimi sikufikiri, pole sana. Wewe nataka yeye? Kama nataka, mimi naacha yeye kwako."

Swali lenyewe ndilo hilo. Nililingoja wiki nzima, labda miaka minne. Mbwa alikuwa amekaa sakafuni kati yetu, amelaza kidevu juu ya kiatu changu. Benchi zima, shingo zimenyooka. Nikamwona yule mama mzee ananikodolea macho, nikasikia tayari habari inavyotembea kijiji kwa kijiji: bibi ya fulani, mama mzima, ameomba mbwa wa mzungu, tena machozi yanamtoka.

"Mimi nifanye nini na mbwa?" nikasema. "Huyo ni wako, Sista."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, kwa sauti kuliko wote. Chifu akaanza kuandika.

Sista peke yake hakucheka. Aliinama karibu na mimi, akauliza mara ya pili kwa sauti ndogo, wengine wasisikie.

"Kweli?"

Na mimi, mjinga mimi, nikasema, "Kweli."