Ndevu za Baba Krismasi

Baba Krismasi wa duka la jirani, pale Kasulu mjini, alijikuna kidevu kwa mgongo wa kiganja, polepole, kama anayefukuza nzi. Siti, muuza vitenge wa kibaraza cha pili, alimwona kila asubuhi ya Desemba akijipaka mashavuni na kidevuni gundi ya viatu na kubandika pamba iwe ndevu. Jioni aliibandua kwa mafuta ya taa, na ngozi ikatoka nayo. Kidevu kilikuwa kibichi kama nyama ya buchani.

"Kaka, si ufunge hizo ndevu kwa mpira tu?" Siti alimwambia siku moja, akimpa mafuta ya mgando.

"Mwaka jana nilifunga, dada. Mtoto akavuta, zikabaki mkononi mwake. Alivyolia, tajiri nusura anifukuze."

Mchana uleule binti mdogo aliyekuja na mama yake kutoka Kitanga alizikamata ndevu, akavuta kwa nguvu zake zote. Hazikutoka. Damu ikaloanisha pamba. Baba Krismasi akacheka kicheko chake kinene, machozi yakimlengalenga.

"Umeona? Ni zangu."

Binti akawageukia watoto waliopanga foleni. "Ni za kweli! Njooni mvute!"

Baba Krismasi akainama, akawatolea kidevu.