Noti ya Mia Mbili Iliyokata Chai

Saa mbili asubuhi, povu limemfika Cheruto viwikoni. Yuko uani mwa nyumba moja mtaani Milimani, Nakuru, anafua blanketi la tatu huku akicheka peke yake.

"Nikikumbuka ule mwezi tulikuwa matajiri, nacheka tu," asema.

Cheruto, 34, ni mama fua. Hulipwa shilingi 600 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Siku hizo jirani yake wa mtaa wa Section 58, Njoki, humlelea mtoto. Njoki akienda sokoni kuuza mboga siku tatu nyingine, Cheruto humlelea wake. Wamefanya hivyo miaka mitano, malipo yakiwa chai ya jioni na umbea usio na mwisho.

Kisha akaja Mathenge, karani wa utafiti wa mapato.

"Nikamwambia nalea mtoto wa Njoki. Akaniuliza, unalipwa? Nikasema hapana. Akasema, mathe, basi hiyo haiingii."

Ilimuuma. Mtoto wa Njoki aliwahi kutumbukiza simu kwenye uji, na kumlea si kazi? Wakakubaliana kulipana mia mbili kwa siku. Noti ikawa ni ileile moja, leo iko kwa huyu, kesho imerudi kwa yule. Mathenge aliporudi mwezi uliofuata, akawapongeza wote wawili kwa mapato kupanda.

Lakini mshahara una mambo yake. Njoki akaanza kutazama saa, na ikifika kumi na moja kamili anamkabidhi mtoto mlangoni. Cheruto naye akamkata shilingi ishirini kwa soksi iliyopotea. Hapo chai ikakatika.

Jumapili moja mtoto wa Cheruto akashikwa na homa. Cheruto akafika hadi mlangoni kwa Njoki, akasita, akarudi.

"Sikuwa na mia mbili," asema, na sasa hacheki. "Niliogopa kubisha kwa Njoki. Njoki wangu."

Njoki alisikia kilio kupitia ukutani, akaja mwenyewe na leso begani. "Nilimuuliza, kwani ulikuwa unangoja Jumatatu?" akumbuka Njoki.

Homa iliposhuka, noti ile ilinunua sukari na maandazi.

Mathenge anatarajiwa tena wiki ijayo, na Cheruto ameshapanga jibu.

"Nitamwambia aandike mapato yameshuka," asema akikamua blanketi. "Akimaliza, aingie kwa Njoki anywe chai. Hiyo asiandike."