Kitambaa Juu ya Ruta

Ijumaa baada ya swala, mtandao wa mtaa wetu wa Al Mansoura, huku Uarabuni, ulikuwa unakufa kifo cha mende. Ndiyo siku yetu ya mapumziko, na jengo zima limeshika simu kupiga nyumbani: Mnepali na mkewe, Mfilipino na wanawe, sisi na kwetu. Flati yetu ilikatwakatwa vyumba kwa mbao, na ruta ya kusambaza mtandao ilikuwa moja tu, juu ya friji, chumbani kwangu.

Haja yangu ilikuwa moja: mama yangu, kule Muheza, anione uso. Tangu nije kuendesha gari huku alikuwa akisikia sauti tu. Dada aliponunua simu kubwa tukapanga kila Ijumaa anipigie kwa video, amshikishe mama simu, kisha akimbilie genge lake la nyanya.

"Naona ukungu tu, mwanangu," mama alisema siku ya kwanza.

"Ni mtandao, mama. Subiri kidogo."

Na kweli ulikuwa hovyo. Hata mimi nilimwona ameganda mdomo wazi, kisha akapotea.

Niliichukia ile ruta kama mtu aliyenitukania mzazi. Niliizima nikaiwasha. Nilibadilisha neno la siri ili jirani wa ukuta wa pili asidoee, akaninunia. Nilipiga simu kwenye kampuni, nikawekewa muziki mpaka salio likakata. Kila Ijumaa mama akasema ukungu, nami nikarudi kuhangaika na nyaya. Mwenzangu wa chumbani, mlinzi kutoka Nakuru, alinicheka weee, mwishowe akaiendea friji mwenyewe.

"Bro, hii kitu itapumua aje na umeivalisha nguo?"

Kilikuwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu. Mama alikifuma kwa mkono wake, akanitilia kwenye begi siku ya safari. Kwetu redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, hata mtungi wa maji. Kitu cha maana hakikai uchi. Na mle chumbani, cha maana kilikuwa ruta. Tukaigusa, ina moto kama pasi.

Tulicheka mpaka machozi. Tukaiacha ipoe, tukaitundika ukutani kwa msumari, mbali na friji. Nikapiga.

Subhanallah! Nilimwona mama mpaka mikunjo ya kanga yake.

"Mama, unaniona sasa?"

"Ukungu bado, mwanangu. Huo mtandao wenu wa Uarabuni, mh!"

Alikuwa anatazama mlangoni, siyo kwenye simu. Dada, ambaye siku hiyo hakuwa ametoka, akaichukua kutoka mkononi mwake.

"Kaka! Mbona unaonekana vizuri hivi, hata kovu la kidevuni?"

Kisha akageuka kumtazama mama machoni.

Hospitali walisema ni presha ya macho, na nuru iliyokwisha kwenda hairudi. Dada alinieleza akilia. Mama hakulia, alisema tu kwamba sindano za kufumia apewe mjukuu.

Ijumaa iliyofuata alishika simu kama kawaida, akaielekeza darini.

"Mtandao bado haujakaa sawa, mwanangu?"

Nilikuwa naiona dari ya nyumba yetu, bati kwa bati.

"Bado, mama," nikamjibu. "Tunaendelea kutengeneza."