Kiwanja cha Mteremkoni

Kuna siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu Elia, na umeirudisha wewe uliponionyesha kiwanja chako cha Makere, kile kilichoinama kama paa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Marehemu baba yako alinipeleka Mabamba, mlimani, akaniambia, "Tazama kule." Nikaona vilima vya Burundi, upande alikoolewa dada yangu. Nikasema papo hapo: nyumba iwe hapa, mlango uelekee kule.

Shangazi yake Agripina akaja kupaona. Vilima hakuvitazama kabisa. Alipanda hadi juu ya kiwanja, akashuka taratibu, akashika kiuno.

"Mvua ikinyesha, maji ya mlima wote huu yatapita wapi?"

"Tutachimba mfereji, shangazi," akajibu baba yako.

"Na wa kuuzibua kila mwaka?"

"Mimi."

"Ukizeeka je?"

Akacheka. Kijana ukimuuliza habari za uzee, afanye nini zaidi?

Penye urembo ndipo penye urimbo. Kabla ya tofali la kwanza tuliuchimba mlima mpaka tukapata tambarare, tukajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na ukuta ule ulitula nguvu kuliko nyumba yenyewe. Mchanga na maji vilipanda juu ya kichwa changu. Kila mvua zilipokaribia, baba yako alizibua mfereji na kurudishia mawe yaliyolegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba, tena akiimba. Wewe ulikulia humo, hukuona tope likiingia ndani, ndiyo maana unaona mteremko ni jambo jepesi.

Mwaka 2012 mgongo wake ukagoma. Nilichimba peke yangu, nikashindwa. Mvua ikaja mfereji umejaa udongo, ukuta wa mawe ukavimba katikati, kisha ukaanguka pamoja na jiko langu. Baadaye baba yako alifariki, na tulipokwisha kumzika mkanileta hapa Kasulu mjini. Nashukuru, bomba liko uani. Lakini nikifungua mlango asubuhi naona ukuta wa jirani. Ningerudishiwa miguu yangu ya zamani, mwanangu, ningekwenda leo hii kupandisha ndoo ule mlima, nimkute anachimba, anipokee.

Kwa hiyo sikukatazi. Nilikaa mteremkoni miaka yangu mizuri yote. Ila yape maji njia kwanza, nyumba baadaye. Fedha ya ukuta wa mawe na mfereji iwe mkononi kabla ya fedha ya bati, na kama haipo, subiri. Mkeo naye muulize, maana ndiye atakayepandisha ndoo. Na usihesabu gharama ya kujenga tu. Hesabu na ya kuitunza, mwaka hadi mwaka, mpaka siku nguvu zitakapokwisha.

Nenda ukajenge, baba. Mungu aishike ardhi chini ya nyumba yako, akutunzie mkeo mchoke pamoja, akupe na watoto watakaopenda kubaki.