Nusu Iitwe Nusu

Mikono ya mwokaji ilijaa makovu ya tanuri. Kazi alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki, duka la mikate likabaki mikononi mwake na mwa shemeji yake, kwa ubia.

Unga ulipopanda bei tena, shemeji aliingia amekumbatia mikebe mipya ya kuokea, mifupi kuliko ya zamani kwa vidole viwili.

"Bei ileile, shemeji," alisema akichekelea. "Mkate tu ndio unapungua. Nani atajua?"

"Tumbo la mtoto litajua."

"Wenzetu wote wamepunguza!"

"Hiyo ni shauri yao. Pesa ndiyo iliyokonda. Siukondeshi mkate ili kuficha hilo."

"Wateja watatukimbia. Duka likifungwa utakula ukaidi wako?"

"Nitaula na chai."

Akaandika bei mpya mlangoni kwa chaki, herufi kubwakubwa. Watu walisoma, wakasonya, wakavuka barabara kwa muuza mikate mwingine. Fundi viatu, mteja wake wa miaka mingi, alimpigia kelele kutoka kibandani kwake: "Mama, siku hizi unaoka dhahabu?"

Hadi jioni rafu zilikuwa bado zimejaa. Shemeji alipanga mikebe yake mezani mmoja mmoja, kwa kishindo. Mwokaji aliingiwa na hofu, lakini chaki hakuifuta.

Asubuhi fundi viatu akaja na noti yake.

"Hii juzi ilikuwa mkate. Leo ni nini?"

Mwokaji alichukua kisu, akaukata mkate katikati. "Leo ni nusu. Na chenji yako hii hapa."

"Nusu? Baba mzima na watoto wanne, nirudi nyumbani na nusu?" Uso ulimwiva kwa aibu.

"Hukupungua wewe, baba. Imepungua noti. Ukitaka kukasirika, kasirika, ila usijikasirikie. Kule ng'ambo ya barabara wanakupa mkate pungufu na kukwambia ni mzima."

Fundi aliutazama mkate uliokatwa, kisha noti. Akakataa kufungiwa mkate kwenye karatasi. Alitoka ameuinua juu, upande uliokatwa ukielekea barabarani.

"Haya, tazameni mshahara wenu!" alipaza sauti. "Huu hapa, umekatwa mchana kweupe!"

Watu walicheka, cheko chungu. Mama mmoja akaingia kuomba nusu, na nyuma yake wengine wawili watatu. Foleni haikuwa ndefu, lakini ilikuwa foleni. Shemeji aliitazama, akaguna, kisha akaenda kunoa kisu cha pili.